Droni pwani ya Kusini: picha ikikwama, kamera ikitikisika au rimoti ikigoma

Kabla hujashika bisibisi, toa memori kadi, iweke kwenye kompyuta na ufungue video ya mwisho uliyorekodi. Droni hutoa picha mbili kwa wakati mmoja: moja huandikwa kwenye kadi ndani ya droni, nyingine hubanwa, hurushwa hewani na kuonekana kwenye simu yako. Kama video ya kwenye kadi ni safi, lakini kwenye simu ilikuwa inakwama, inakatika vipandevipande au imekuwa nyeusi, kamera ni nzima. Tafuta tatizo kwenye mawimbi ya redio, waya, simu au programu. Kama hata ya kwenye kadi ni mbovu, ndipo uanze kuangalia lenzi, gimbali (mkono wa mota ndogo unaoituliza kamera), propela, mipangilio na kadi yenyewe. Kipimo hiki hakina gharama, na kinaokoa kamera nyingi zinazofunguliwa bure wakati kilichoharibika ni waya wa rimoti.

Kwenye simu picha inakwama au haipo

Anza na waya. Waya nyingi zinazouzwa pamoja na chaja za bei nafuu hupitisha umeme tu, hazipitishi data. Simu itaonyesha inachaji, huku programu ikiendelea kusema droni haijaunganishwa. Chomeka waya huohuo kati ya simu na kompyuta: mafaili ya simu yakionekana, waya ni mzima. Kisha chungulia tundu la simu kwa tochi. Nyuzi za nguo za mfukoni zikishikana na unyevu wa chumvi huwa bonge gumu linalozuia waya usiingie mpaka mwisho. Zima simu, lichokonoe taratibu kwa kijiti cha meno cha mti, usitumie pini.

Baada ya waya, simu. Funga programu nyingine, zima hali ya kuokoa betri, futa data za muda za programu ya droni. Jua la saa saba mchana pale Msimbati linatosha kuipasha simu hadi ijipunguzie kasi na mwanga, na picha ikaanza kurukaruka ingawa mawimbi yako vizuri. Simama kivulini au weka kikinga jua juu ya kioo cha simu.

Antena za rimoti haziongei na droni kupitia ncha zake. Ubapa wake ndio unaopaswa kuielekea droni, kwa hiyo usizinyooshee kama unaelekeza kidole. Usiwe na ukuta, gari wala ghala la bati kati yako na droni. Ukiwa katikati ya mji wa Mtwara au Lindi, penye Wi-Fi nyingi, jaribu masafa ya 5.8 GHz. Ukiwa shambani Newala au Tandahimba, mikorosho imefungamana, 2.4 GHz hupenya vizuri zaidi. Hata hivyo usirushe ukiwa umesimama chini ya mkorosho: majani mabichi yana maji, na maji hula mawimbi. Toka nje ya mstari wa miti.

Kama picha ilianza kusumbua mara tu baada ya kusasisha programu, hakikisha droni, rimoti na programu ya simu vyote vimesasishwa. Kimoja kikibaki nyuma, mara nyingi picha haiji kabisa.

Video ya kwenye kadi yenyewe ni mbovu

Ukungu ndio wa kwanza kushukiwa pwani. Droni ikitoka kwenye chumba au gari lenye kiyoyozi na kuingia kwenye hewa ya joto yenye unyevu, matone madogo ya maji hutanda kwenye lenzi, wakati mwingine kwa ndani. Iache ndani ya begi lililofungwa kwa dakika 20 hadi 30 mpaka joto lilingane, ndipo ufungue. Weka vifuko vya silika, vinavyonyonya unyevu, ndani ya begi na uvibadilishe vikilowa.

Video ikiwa inacheza kama uji mzito, nguzo zikijipinda na paa zikitetemeka, chanzo ni mtetemo. Kamera ndogo husoma picha mstari kwa mstari kutoka juu kwenda chini. Droni ikitetemeka, kila mstari husomwa kamera ikiwa imesogea kidogo, na nguzo iliyonyooka hutoka imepinda. Pitisha ukucha kwenye ukingo wa kila propela, taratibu, kutoka shinani hadi nchani. Ukucha ukikwama hata mahali pamoja padogo, propela hiyo imekwisha. Badilisha zote za mkono huo pamoja, ukilinganisha alama zilizochorwa kwenye propela na kwenye mota. Ukizikosea, droni itapinduka palepale inapotaka kupaa.

Mistari ya kivuli inayopita haraka juu ya picha huja jua likiwa mbele ya kamera: propela zinakata mwanga. Geuza uelekeo au inamisha kamera kidogo. Mwanga unaopigapiga usiku, kwenye harusi au mechi, unatokana na taa. Umeme wetu ni wa 50 Hz, hivyo rekodi kwa fremu 25 kwa sekunde na uweke kasi ya shata (muda ambao kila fremu hupokea mwanga) 1/50 au 1/100 ya sekunde.

Picha nyeusi mno mchana? Angalia kama filta ya ND (kioo cheusi cha kupunguza mwanga) imebaki kwenye lenzi, kisha rudisha mwanga kwenye otomatiki. Rangi zinazobadilikabadilika katikati ya video hutulia ukifunga mizani ya weupe (white balance), 5500K kwa jua la mchana.

Kurekodi kukijisimamisha baada ya sekunde chache, kadi ni ya polepole au ni bandia. Kwa video ya 4K tafuta yenye alama ya U3 au V30. Kadi bandia huandikwa GB 128 wakati ndani ina uwezo mdogo, na zaidi ya hapo mafaili huharibika kimyakimya. Ipime kwa programu ya H2testw kwenye kompyuta kabla ya kuipeleka kazini. Fomati kadi ndani ya droni, siyo kwenye simu. Na kama betri iliisha au ilichomolewa kabla hujasimamisha rekodi, usikimbilie kufomati: rudisha kadi kwenye droni, iwashe na uiache dakika kadhaa. Droni nyingi hujaribu kulifunga faili lile zenyewe.

Gimbali, chumvi na salfa

Hapa Kusini gimbali ina maadui wawili. Wa kwanza ni hewa ya bahari, inayoweka chumvi kwenye mota ndogo na viunganishi. Wa pili ni salfa ya unga inayopulizwa kwenye mikorosho kuzuia ubwiri unga. Unga wa salfa ni mwepesi, huelea, na upepo wa propela huuinua upya kutoka kwenye majani. Ukiingia kwenye viunganishi huifanya shaba kuwa nyeusi, na ukikutana na unyevu mambo huharibika haraka zaidi. Shamba likiwa linapuliziwa, usirushe siku hiyo. Na ukirusha siku zinazofuata, paa ukiwa uwanjani, nje ya miti.

Droni ikiwashwa, kamera hugeuka pande zote kisha hutulia. Isipofanya hivyo, ikitetemeka au programu ikilalamika kuwa gimbali imezidiwa, fuata hivi:

1. Hakikisha kifuniko cha gimbali kimetolewa. Kusahau hiki ni kisa cha kawaida sana.
2. Zima droni. Kwa kidole kimoja sogeza kamera juu na chini, kushoto na kulia, kisha uilaze upande. Inapaswa kuteleza bila kukwaruza. Ukihisi mchanga, pulizia kwa pampu ya mkono na upitishe brashi laini. Usipulize kwa mdomo, mate ni maji.
3. Angalia mipira midogo inayoshikilia gimbali. Mmoja ukichomoka, picha inatetemeka na upeo wa macho unalala upande.
4. Futa viunganishi vya nje kwa pamba yenye isopropili (alkoholi ya kusafishia) ya asilimia 90 au zaidi. Usipake mafuta ya kulainishia.
5. Weka droni mezani pasipotikisika, iwashe, kisha fanya kalibresheni (kusawazisha upya) ya gimbali kwenye programu.

Kama picha inapotea ukiinamisha kamera na kurudi ukiiinua, utepe mwembamba wa waya unaopita kwenye gimbali umekatika sehemu. Hapo sasa nenda kwa fundi anayefanya kazi chini ya darubini, na mwambie aukague utepe huo kwanza.

Droni haisikii, inaserereka au inazunguka

Ikichora duara linalopanuka wakati umeachia vijiti, dira imechanganyikiwa. Ishushe mwenyewe kwa vijiti. Sogea mita 10 au zaidi kutoka kwenye mabati, magari na zege lenye nondo, uzime na kuwasha. Onyo likibaki, ndipo ufanye kalibresheni ya dira. Kuifanya ovyo kila siku ni kuikaribisha dosari. Ikiserereka upande mmoja pasipo na upepo, fanya kalibresheni ya IMU (kihisi cha mwendo na mlalo wa droni) droni ikiwa imepoa, juu ya meza iliyosawa. Ikienda yenyewe huku dira ikiwa safi, huenda ni vijiti: fanya kalibresheni ya rimoti droni ikiwa imezimwa. Droni iliyokwisha kutumika, uliyoinunua kwa mtu, inaweza kuwa kwenye mpangilio wa vijiti usiouzoea. Angalia kama ni Mode 2, yaani kijiti cha kushoto kinapandisha na kushusha.

Subiri programu iseme imehifadhi mahali pa kurudi kabla hujapaa. Kati ya kuta za Mikindani setilaiti zinachelewa kuonekana. Ukirusha kutoka kwenye mashua kuelekea Kilwa Kisiwani, kumbuka droni itarudi pale mashua ilipokuwa wakati inapaa, nako ni majini. Sasisha mahali pa kurudi kila mashua inaposogea, au irudishe mwenyewe kwa vijiti. Karibu na maji, vihisi vya chini ya droni hudanganywa na mawimbi ya maji, hivyo baki mita 6 au zaidi juu. Urefu wa kurudi uwe juu ya minazi: mita 50 ni salama, ila minara ya simu iangalie mwenyewe.

Upepo wa kusi hukaza mchana. DJI Mini 4 Pro imepimwa kuhimili mita 10.7 kwa sekunde, na huko juu upepo ni mkali kuliko unaouhisi ufukweni. Anza safari kwa kwenda dhidi ya upepo, ili kurudi kuwe rahisi. Ikikataa kupaa kabisa karibu na uwanja wa ndege wa Mtwara, huenda si ubovu, ni eneo lililozuiwa. Usajili na vibali vya TCAA (Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania) vishughulikie kabla.

Imeingia baharini

Chomoa betri mara moja. Suuza droni kwa maji baridi yasiyo na chumvi, ya kunywa yanafaa, kwa dakika kadhaa; kisha imwagie isopropili na uiache ikauke kwenye upepo siku mbili au tatu. Kuifukia kwenye mchele hakutoi chumvi, na chumvi ndiyo inayoua. Usiiwashe kujaribu kama inafanya kazi. Betri iliyoonja maji ya bahari usiichaji tena hata ikionekana kavu, kwani inaweza kuwaka saa kadhaa baadaye: iweke nje, mbali na nyumba, kwenye ndoo ya mchanga.