Kuchagua Taa ya Meza ya Chakula Jikoni

Katika nyumba nyingi mpya mjini Moshi, jiko na meza ya chakula hukaa katika chumba kimoja, na mara nyingi chumba hicho huachiwa taa moja tu katikati ya dari, hivyo mtu anayekula huitia kivuli sahani yake mwenyewe. Dawa yake ni taa ya kuning'inia juu ya meza, na uchaguzi wake huanzia nyumbani, kwa tepu ya kupimia.

Pima upana wa meza. Kifuniko cha taa hupendeza kipenyo chake kikiwa kati ya nusu na theluthi mbili ya upana huo. Meza ya sentimita 90, kwa mfano, hutaka kifuniko cha sentimita 45 hadi 60. Meza ndefu ya watu wanane huangazwa vizuri zaidi na taa mbili ndogo.

Balbu inastahili kufikiriwa kuliko kifuniko, ingawa wanunuzi wengi hufanya kinyume. Soma boksi lake. Namba inayofuatwa na herufi K hueleza rangi ya mwanga: 2700 au 3000 ni mwanga wa manjano uliotulia, ilhali 6500 ni mweupe unaoelekea bluu, unaofaa kukatia vitunguu lakini unaoyafanya machalari, ndizi zilizopikwa na nyama, yaonekane yamepoa hata yakitoka jikoni sasa hivi. Itazame pia namba ya Ra, inayoonyesha jinsi mwanga unavyotunza rangi halisi za vitu. Mwisho wake ni 100, nami ningeongeza fedha ili nipate 90. Balbu ya LED ya wati 9 hutoa mwanga unaokaribia ule wa balbu ya zamani ya wati 60, na kwa meza ya watu wanne hiyo inatosha. Hakikisha tu kwamba kitako chake kinalingana na holda, kwa kuwa kuna za pini na za kuzungusha.

Kifuniko cha kitambaa hunyonya mafuta na harufu ya kukaanga. Cha kioo au chuma hufutika. Kikiwa cha chuma, fundi asiuache waya wa ethi, ule wa kijani na njano unaokinga mtu asipigwe na umeme, bila kuuunganisha. Aifunge taa kwenye mbao za dari, kwani jipsamu peke yake haibebi uzito.

Umbali kutoka mezani hadi ukingo wa chini wa taa uwe sentimita 75 hadi 90. Kwa kuwa macho ya mtu aliyeketi huwa chini ya ukingo huo, kifuniko kifupi humwacha akitazamana na balbu. Chagua kirefu, au balbu yenye kioo cha ukungu. Mwombe fundi asikate waya kabla watu wa nyumbani, mrefu na mfupi, hawajaketi mezani usiku na kutazamana.