Kabla hujaenda kwa wakili kugongewa muhuri

Meza yangu ndiyo ya kwanza ukiingia. Ni mwaka wa tisa huu niko karani katika ofisi ya wakili hapa Kinondoni, na kila karatasi hupita kwangu kabla haijafika kwa bosi. Wengi ninaowarudisha wametoka mbali, Mbagala, Kimara, Gongo la Mboto, wameomba ruhusa kazini, na kinachowarudisha ni jambo ambalo wangelimaliza nyumbani jioni iliyotangulia. Inaniuma. Naandika hapa yale ninayowaambia ndugu zangu wakinipigia simu.

Anza na majina. Tandaza karatasi zote kitandani: cheti cha kuzaliwa, kitambulisho cha taifa, vyeti vya shule, na hiyo hati unayotaka kuapia. Soma jina herufi kwa herufi, kwa kidole. Salehe na Saleh, Ramadhani na Ramadhan, Mwajuma na Mwanajuma: wewe unajua ni mtu mmoja, lakini ofisi itakayopokea karatasi haikujui. Angalia na tarehe ya kuzaliwa. Namba ya NIDA ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku uliyozaliwa, kwa hiyo ukiilinganisha na cheti cha kuzaliwa utaona papo hapo kama zinapishana. Zikipishana, sema mapema kwenye simu unapoomba miadi. Huenda unahitaji kiapo cha majina, kinachoeleza kwamba majina yote hayo ni ya mtu mmoja. Kiapo hicho hakikupi jina jipya. Anayetaka kubadili jina kabisa ana hati yake nyingine, na husajiliwa, kwa hiyo usifunge safari moja kwa mambo yote mawili.

Jambo la pili nitalirudia hata kwa anayelijua: usisaini nyumbani. Watu huja na kiapo kimechapwa vizuri steshenari, kimeshasainiwa, wanataka muhuri tu. Muhuri si ndiyo kazi. Kazi ya kamishna wa viapo, yaani wakili mwenye mamlaka ya kuapisha watu, ni kukuona wewe ukiapa na kusaini mbele yake, halafu yeye aandike kwamba amekuona. Ndiyo maana huwezi kumtuma mdogo wako na karatasi, hata kama ana kitambulisho chako mkononi. Ukishasaini, tutachapa upya, na umeme ukiwa umekatika utasubiri. Njoo na kazi yako kwenye flashi au itume kwa barua pepe siku moja kabla.

Kisome chote. Kiapo chetu huanza na jina lako, dini yako na kwamba u mtu mzima mkazi wa Dar es Salaam, kisha unaapa kama u Mkristo, au unathibitisha kama u Mwislamu. Baada ya hapo kila aya ni neno lako wewe. Kuapa uongo ni kosa la jinai, na wakili hatakwenda kujibu kwa niaba yako. Kama kimeandikwa Kiingereza na hukielewi vizuri, sema. Hakuna aibu. Utatafsiriwa, na hilo litaandikwa kwenye hati.

Kitambulisho kiwe halisi, si picha kwenye simu: cha taifa, cha mpiga kura, leseni au pasipoti. Chini ya kiapo kuna sehemu ambapo wakili anasema anakufahamu mwenyewe au umetambulishwa kwake na mtu fulani. Kama kitambulisho kimepotea, tafuta mtu ambaye wakili anamfahamu, aje naye na kitambulisho chake. Barua ya serikali ya mtaa husaidia pia, ila uliza kwanza kama ofisi unayokwenda inaikubali.

Kwa wanaotaka nakala za vyeti kuthibitishwa, hasa vijana wa maombi ya kazi serikalini: leteni cheti chenyewe pamoja na kopi. Wakili analinganisha. Kopi ya kopi hatuigongi. Na wa fomu za mkopo wa elimu ya juu, pitieni fomu ukurasa kwa ukurasa mjue nani anasaini wapi, mwombaji, mdhamini, serikali ya mtaa, wakili. Msimu ule foleni yetu hufika ngazini, na kila siku yupo kijana anayegundua akiwa dirishani kwangu kwamba mdhamini wake yuko Tanga.

Kama ni mauziano ya nyumba mnayoishi, mwenzi wako aje. Ridhaa yake inahitajika.

Miadi iombe ya mchana. Asubuhi, kuanzia saa tatu, mawakili wengi wako mahakamani, na kesi haina ratiba. Uliza bei kwenye simu, kwa kila hati, na omba risiti. Uliza pia kama wakili ana leseni hai ya mwaka huu. Sisi hatukasiriki tukiulizwa, na Mahakama ina orodha ya mawakili mtandaoni ambayo unaweza kuitazama mwenyewe. Halafu, kama una kesi, wakili anayekutetea katika kesi hiyo haruhusiwi kukuapisha kwa ajili yake. Nenda kwa mwingine.

Kabla hujainuka kitini, tazama sehemu ya chini kabisa. Sura ya 12 ya sheria zetu, kifungu cha 8, inamtaka anayekuapisha aandike jina lake, mahali na tarehe ulipoapa. Mwaka juzi dada yangu aliapa kwenye ofisi nyingine mjini, muhuri ukagongwa, saini ikawekwa, tarehe ikabaki wazi. Alikuja kuambiwa huko alikopeleka karatasi, siku ya mwisho ya kupokea maombi. Hakupata nafasi ile. Tangu siku hiyo kila mteja wangu namgeuzia karatasi namwambia: soma mwenyewe, jina la wakili, mahali, tarehe, saini mbili, muhuri.

Na kama unamleta mzazi mzee asiyejua kuandika, usimfundishe saini ya kubahatisha usiku kucha. Dole gumba linatosha, wino tunao. Kinachotakiwa ni asomewe kiapo chote kwa lugha anayoielewa, taratibu, naye akubali. Bibi zetu wengi husema tu "sawa mwanangu" kwa heshima, kwa hiyo mimi humwamkia, humsomea aya moja, kisha namwomba anieleze nilichosoma. Ukimleta, mwachie nafasi ajibu yeye.