Dirisha la kabini linavuja? Usikimbilie silikoni

Boti niliyoishughulikia karibuni hapa Mtwapa ni ya faiba, ya miaka ya 1970, ina madirisha manne ya kusukuma kwenye fremu za aluminiamu. Mwenyewe alishapaka silikoni nje mara tatu, na godoro bado lilikuwa linalowa kila mvua ikinyesha. Shida ni kwamba dirisha la namna hii halikutengenezwa kuzuia maji yasifike kwenye reli. Maji huingia relini, kisha hutoka nje kwa matundu madogo yaliyo chini ya fremu. Ukiyaziba matundu hayo, reli inajaa na maji yanamwagikia ndani.

Kwa hiyo anzia hapo. Zibua matundu kwa spoki ya baiskeli, halafu mwaga kikombe cha maji relini uone kama yanatoka nje. Mvua inayofuata ikipita na ndani pakavu, kazi imekwisha, usifungue kitu kingine.

Bado linavuja? Basi fremu ishuke. Andika namba kwenye kila fremu, maana nafasi za madirisha ya boti hizi zilikatwa kwa mkono na fremu ya kushoto huenda isikae kulia. Skrubu ya chuma cha pua iliyokaa ndani ya aluminiamu miaka 40 haitoki kwa hasira: nyunyizia mafuta ya kulegeza, ilale usiku mzima, asubuhi gonga kichwa chake mara mbili tatu ndipo uzungushe. Ule unga mweupe unaouona ni aluminiamu iliyoliwa na chumvi. Bandua fremu kwa kisu chembamba na kabari za mbao, ukizunguka kidogo kidogo. Ukiing'oa upande mmoja itapinda.

Sasa chungulia ukingo wa nafasi ya dirisha. Boti nyingi za zamani kuta zake ni faiba mbili zenye mbao katikati. Mbao ikiwa nyeusi na inabonyea, ichokonoe mpaka ufike palipo pagumu, iache ikauke kabisa, ndipo ujaze epoksi (gundi ya kuchanganya) iliyokorezwa. Hapa ndipo siku zinapoishia. Kwenye boti ile dirisha la tatu lilinila siku nne. La nne nililimaliza kabla ya chai ya saa nne.

Mkanda wa manyoya wa relini ukioza, tupa. Nenda kwa mafundi wa madirisha ya aluminiamu mjini na kipande cha zamani mkononi, mlinganishe upana na kimo. Kama kioo ni cha aina ya mlango wa gari, kile kinachopasuka punje punje, hakikatiki tena. Agiza kilichokatwa kwa kipimo. Ukiweka perspeksi, ile plastiki angavu kama kioo, acha nafasi pembeni: kipande cha mita 1 hutanuka kama milimita 2 joto likipanda nyuzi 30.

Kurudisha fremu natumia mkanda wa butili, mpira laini unaonata, kwa sababu haukauki ukawa mgumu. Kaza skrubu kiasi, subiri kesho butili ijisambaze, kaza tena, kisha kata iliyotokeza nje. Jaribu kwa mpira wa maji ukianzia chini kupanda juu, mtu akiwa ndani na tochi. Ukianza juu hutajua maji yameingilia wapi.

MASWALI

Lamu: Shikamoo fundi. Perspeksi imefifia, naweza kuifuta kwa petroli?

Marahaba. Usithubutu, wala thina. Itapata nyufa nyembamba kama utando wa buibui na hazitoki. Maji ya sabuni na kitambaa laini, basi.

Tanga: Kaka, langu halivuji ila kulisukuma ni vita. Nimetia grisi, limezidi.

Grisi inashika mchanga. Ifute yote, osha reli kwa maji ya bomba uondoe chumvi, likauke, kisha sugua nta ya mshumaa ukingo wa chini wa kioo.

Kilifi: Silikoni ya zamani nimeikwangua, butili haishiki.

Umebakisha utando usioonekana. Hakuna kinachoshika juu ya silikoni. Piga msasa faiba mpaka mng'ao uishe, na maji ukiyamwaga yatandae badala ya kujikusanya matone.

Unguja: Nianze sasa au nisubiri?

Kama kaskazi bado inavuma, anza leo, dirisha moja moja. Masika isikukute na matundu manne yamefunikwa turubai.