Mawe za rimoti zikiisha usirudishe kwa droo

Kila nyumba iko na ile droo ya vitu zote, chaja mbovu, funguo za nyumba ulishahama na mawe, yaani betri, mbili tatu hakuna mtu anajua kama zimeisha. Juzi nimefungua yangu nikapata betri ya volti 9, ile ya mstatili, imelala karibu na waya ya kuoshea sufuria. Nilizitenganisha mbio, juu ncha zake mbili ziko upande mmoja na hiyo waya ikizigusa zote inashika moto.

So betri ikitoka kwa kitu, funga ncha na selotepu hapo hapo. Za volti 9 na za lithiamu ni lazima, hizi za kawaida za rimoti si lazima sana lakini selotepu ni pesa ngapi, funga tu. Weka kwa mkebe wa plastiki mkavu, si wa bati, mahali hakuna jua wala jiko.

Na wachana na mambo ya shosho ya kuanika mawe kwa mabati ama kuziuma na meno ndio redio iongee kidogo. Za alkali zikivuja zinachoma mdomo. Zikishavuja ndani ya rimoti, vaa glavu upanguse na pamba iko na siki ama ndimu.

Hatari kubwa kabisa ni zile bapa kama sarafu, CR2032 na wenzake. Mtoto akimeza ikwame kooni inaweza kumchoma vibaya ndani ya masaa 2, hata kama ilikuwa imeshindwa kuwasha rimoti. Usimtapishe, usimpe chakula, toka hospitali saa hiyo hiyo. Kama amepita mwaka 1 na anameza sawa, mkiwa njiani mpe asali vijiko 2 vidogo kila dakika 10, isizidi mara 6, lakini usikae nyumbani ukingoja asali ifanye kazi.

Mkebe ukijaa usimpee mtu wa taka, itaishia dampo ya Dandora, Nairobi, na kule moshi hauishi, na usichome wala kutupa kwa choo. Peleka WEEE Centre kule Utawala, wao wanashughulika na taka za elektroniki. Ile betri ya simu imefura iweke peke yake nje kwa ndoo ya mchanga, usiidunge, usiichaji tena hata kama fundi amekwambia bado iko poa.