Taa Mbili Ziwani: Jinsi ya Kutafuta Jozi za Mashimo Meusi Makubwa

Usiku usio na mbalamwezi, simama Kibirizi utazame taa za wavuvi wa dagaa. Mbili zikionekana zimegusana, huwezi kuapa kwamba mitumbwi iko pamoja. Huenda moja iko mbali sana nyuma ya nyingine. Mimi hutafuta galaksi mbili zinazoungana ambazo kila moja ina shimo jeusi linalokula gesi, na nimeshika kazi hii kwa kompyuta mpakato na bando la kawaida hapa Kigoma.

Hatua ya 1. Fungua SkyServer, tovuti ya Sloan Digital Sky Survey (mradi wa kupiga picha anga na kupima mwanga wa galaksi), ni bure. Tafuta galaksi zenye viini viwili, yaani vitovu viwili vinavyong'aa, na mikia ya nyota iliyovutwa pembeni.

Hatua ya 2. Linganisha z za viini, yaani kipimo cha mistari ya mwanga kusogea upande wa wekundu. Tofauti ikizidi 0.002, takriban kilomita 600 kwa sekunde, iache jozi hiyo, maana huenda ni kama zile taa, moja iko mbali nyuma ya nyingine. Mara nyingi kiini kimoja tu ndicho kina spektra, yaani mwanga uliotawanywa kwa rangi zake, kwa sababu nyuzi mbili za kupokea mwanga hazikuweza kukaribiana chini ya sekunde 55 za tao (sekunde ya tao ni kipimo cha pembe angani, digrii moja ikigawanywa kwa 3,600) kwenye sahani moja ya kushikia nyuzi hizo. Usibuni z ya pili.

Hatua ya 3. Kwenye spektra, gawanya nguvu ya mstari wa oksijeni (angstromu 5007, kipimo cha urefu wa wimbi la mwanga) kwa haidrojeni beta (4861), kisha naitrojeni (6584) kwa haidrojeni alfa (6563). Jibu la kwanza likizidi 3 na la pili likizidi 0.6, shuku shimo jeusi. La kwanza peke yake halitoshi, maana nyota changa zenye joto kali nazo huiwasha oksijeni.

Hatua ya 4. Hapa usiwe na haraka. Karabai kali humulika mtumbwi wa jirani hadi udhani nao una taa yake. Shimo moja linaweza kuangaza gesi ya galaksi ya pili vivyo hivyo. Tena uzi wa Sloan ulikuwa na upana wa sekunde 3 za tao, baadaye 2, hivyo viini vilivyobanana humwagiana mwanga. Jozi yangu ya kwanza niliifurahia wiki nzima. Nilipopima nafasi kati ya viini nikakuta sekunde 2 tu, nikaifuta. Iliniuma, lakini sasa naanza na kipimo hicho.

Mstari wa oksijeni wenye vilele viwili usikubabaishe: mara nyingi ni gesi inayopulizwa nje au inayozunguka.

Hatua ya 5. Tafuta picha za eksirei kwenye hifadhi ya Chandra, darubini ya eksirei iliyo angani; hifadhi hiyo nayo ni bure. Darubini hiyo hutenganisha vitu vilivyoachana kwa nusu sekunde ya tao. Mwaka 2002 ilitangazwa kwamba imeona viini viwili ndani ya galaksi ya NGC 6240, kila kimoja kikiwaka chenyewe, vikiachana takriban miaka ya nuru 3,000. Anza na picha hiyo ili jicho lako lizoee. Jozi yako ikikosa picha ya eksirei, andika kwenye jedwali mahali ilipo angani, z na majibu yote mawili ya Hatua ya 3, na mbele yake neno “inashukiwa”.