Mambo ya kuzingatia kabla ya kwenda pwani ya kusini-mashariki ya Unguja na marafiki

Marafiki wa mjini wanapokubaliana kwenda shamba kwa siku mbili, walale Paje au Jambiani na kurudi Jumapili, mazungumzo yao kwa kawaida huanza na nauli na pahala pa kulala. Yote mawili ni ya lazima, lakini kwa pwani hii yafaa yatanguliwe na swali jingine: siku hizo maji yatakuwa namna gani? Unguja haina treni tangu ile ya Bububu, iliyoanza kazi mwaka 1905, ilipoacha kwenda, na gari zetu za abiria hazifuati saa iliyoandikwa kwenye karatasi, bali hujaa ndipo zikaondoka. Ratiba iliyo thabiti kuliko zote ni ya kupwa na kujaa, nayo hujulikana wiki nyingi kabla.

Kuanzia Bwejuu na Paje hadi Jambiani, mwamba umekaa mbali na ufuo, na kati yake na nchi kavu pana uwanda mpana wa mchanga na majani ya bahari ambao siku za bamvua, yaani za maji makuu, hubaki karibu mtupu. Siku hizo tofauti baina ya maji yaliyojaa na yaliyokupwa hufika takriban mita 4. Hesabu yake haihitaji zaidi ya kalenda ya Kiislamu iliyotundikwa ukutani, kwa kuwa bamvua hufuata mwezi: unapoandama na unapokuwa mpevu, pamoja na siku mbili tatu zinazofuata, maji hujaa sana na kukupwa sana, ilhali baina ya tarehe 8 na 10, na tena baina ya tarehe 22 na 25, huwa ni maji mafu yasiyopanda wala kushuka kwa kiasi kikubwa. Bamvua ya visiwa vyetu ina saa zake pia. Maji huwa yamekupwa kabisa mnamo saa nne asubuhi na kujaa mnamo saa kumi alasiri, kisha kila siku saa hizo husogea mbele kwa dakika 50 hivi, hata baada ya wiki moja mambo huwa yamegeuka na asubuhi ndiyo yenye maji mengi.

Asiyejua hayo hufika Jambiani saa tatu na nusu asubuhi na nguo ya kuogea mkononi, akakuta bahari imekwenda zake hadi kwenye mwamba. Kwa kikundi chenye nia ya kuona kazi za pwani na pia kuogelea, Jumamosi ya bamvua ndiyo niipendayo, kwa sababu asubuhi hutembea na jioni huogelea, bila haraka na bila kugombana na jua la mchana. Wanaotaka hasa kupanda chombo na kuangalia samaki kwenye mwamba wangoje maji mafu, ambapo mikondo haina nguvu nyingi.

Matembezi ya maji makavu yanataka tahadhari kuliko jambo jingine lolote katika safari hii, na ndiyo maana nayaeleza kwa urefu. Anayetazama kutoka ufukoni hudhani kuwa maji yatarudi kwa mstari mmoja kutoka mbele yake, kama mkeka unaokunjuliwa, naye atayaona mapema. Sivyo yanavyorudi. Uwanda ule una mabonde na vifereji visivyoonekana vizuri ukiwa umesimama juu yake, na maji yanayoingia kupitia milango ya mwamba hujaza kwanza vifereji hivyo, ambavyo vingi viko baina ya mtembezi na nchi kavu. Mtu aliyekwenda mbali kutafuta makombe anaweza kuwa bado amesimama kwenye mchanga mkavu, huku nyuma yake pameshakuwa na maji ya kiunoni yenye mkondo. Kwa hiyo, kabla ya kuondoka nyumbani, kikundi kikubaliane kuwa kitaanza kurejea kabla maji hayajaanza kujaa na si baada ya kuyaona, kwamba hakuna atakayekwenda peke yake, na kwamba wasiojua kuogelea wanafahamika kwa majina. Mwenyeji wa kijiji, hasa mmoja wa wanawake wanaoshuka pwani kila siku kutafuta pweza, akisema wakati umefika, mjadala uwe umekwisha.

Viatu vya matembezi hayo viwe vya kufunga mguuni. Ndara huchomoka topeni, na huko chini mna mawe makali pamoja na vile viumbe vyenye miiba mirefu myeusi inayovunjikia ndani ya nyayo. Humo humo ndimo yalimo mashamba ya mwani, kilimo kilichoanza pwani hii mwishoni mwa miaka ya 1980 na ambacho hadi leo kinabebwa zaidi na akina mama. Mistari ya vijiti na kamba inayoonekana maji yanapokupwa ni mali ya mtu, kila kipande cha mwani kimefungwa kwa mkono, na mguu mmoja unaokanyaga kamba huweza kukata kazi ya wiki kadhaa. Mpite pembeni, msalimie, muombe ruhusa kabla ya kupiga picha, na mkikataliwa mshukuru vivyo hivyo. Vilevile baadhi ya vijiji hufunga maeneo ya kuvulia pweza kwa muda ili wakue, kwa hiyo msiokote wala msichokoe kitu kabla ya kuuliza.

Kuhusu majira, masika, yaani Machi hadi Mei, hayafai kwa safari ya siku mbili, kwani mvua ikishika inaweza kuzimaliza zote mkiwa ndani. Mvua za vuli kuanzia Oktoba hadi Disemba ni nyepesi zaidi na aghalabu huacha nafasi. Kusi linalovuma Juni hadi Septemba huleta hewa nzuri ya kutembea lakini huchafua bahari nje ya mwamba, kwa hiyo safari za vyombo zipangwe kwa moyo wa kukubali kuahirishwa, na utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania usikilizwe usiku wa kuamkia safari. Julai kuna Mwaka Kogwa, sherehe ya mwaka mpya wa jadi, huko Makunduchi, ambao ni furaha kubwa kuuona, ila siku hizo gari hujaa na vyumba huadimika, hivyo anayeutaka apange mapema sana na asiyeutaka achague wikiendi nyingine. Katika mwezi wa Ramadhani mikahawa ya vijijini hufungwa mchana na kula hadharani ni kuwakosea watu adabu. Safari ya namna hii basi ingoje Idi ipite.

Kutoka mjini hadi Paje ni takriban kilomita 50. Njia hupita Tunguu, Jozani na Kitogani, na hapo Kitogani wanaokwenda Kizimkazi hukata kulia, wakati wa Paje huendelea mbele hadi njia panda, ambapo kushoto ni Bwejuu na Michamvi na kulia ni Jambiani na Makunduchi. Kama mko wengi, mfike kituoni asubuhi mapema, kwa sababu gari tupu hupokea watu wanane kwa pamoja na lililokaribia kujaa huwagawa. Hiyo ndiyo sababu pia nisiyoshauri kushuka Jozani njiani kuwatazama kima punju na kutumaini kupanda gari linalofuata: mmoja atapata nafasi, wanane hawatapata. Mkitaka msitu, tengeni siku yake au mkodi gari nzima kwa kuchangishana, na mkiwa humo msiwalishe wanyama. Mizigo iwe midogo ya kupakatwa, maana kinachopandishwa juu ya gari hukutana na vumbi na mvua.

Pahala pa kulala pathibitishwe kwa simu, na apige mtu mmoja tu. Mkilala nyumbani kwa jamaa badala ya nyumba ya wageni, mwenyeji wenu ajulishwe idadi kamili mapema, ili naye apate kumwarifu sheha, yaani kiongozi wa serikali wa eneo lake, kwamba ana wageni. Si vyema mwenyeji kugundua siku ileile kuwa waliosema wanne wamekuja saba, kwani atawapisha vitanda vyake na kulala sebuleni bila kusema neno. Pelekeni mchele, sukari na mafuta kutoka mjini, na samaki mnunue palepale wavuvi wanapotua.

Mavazi yana uzito wake. Nguo ya kuogelea ni ya majini, na anayetoka majini kwenda dukani au kupita penye msikiti na skuli ajifunike, awe mwanamume au mwanamke. Kanga mbili na kikoi hutosha kwa kujifunika, kujikaushia na kukalia. Wanaokwenda Kizimkazi wachukue nguo ya heshima zaidi, kwa sababu msikiti wa Dimbani, wenye maandishi ya mwaka 500 Hijria, sawa na 1107 Miladia, ungali unasaliwa na hauingiwi kwa mavazi ya pwani.

Huko Kizimkazi wengi hufuata pomboo. Kabla ya kulipa, tazameni chombo chenyewe: jaketi okozi zihesabiwe na zilingane na idadi ya watu, kila mmoja avae yake tangu ufukoni, na nahodha aulizwe kuhusu upepo wa siku hiyo. Chombo kikionekana kimezidi watu, shukeni, hata kama mmekwisha lipa. Visiwa hivi vilizika ndugu wengi baada ya MV Spice Islander kuzama usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, ikiwa imebeba abiria kupita uwezo wake, na sioni sababu ya kuona haya kumwambia nahodha kuwa tumezidi. Pomboo nao wasifukuzwe wala kuzungukwa. Mwambieni nahodha mapema kwamba mnataka kuwaona kwa mbali.

Dawa za kila siku za mtu mmoja mmoja, chumvi ya kuongezea maji mwilini, bandeji, kibano cha kutolea miiba, tochi na chupa za maji za kujazwa tena zikae katika mkoba mmoja wenye mwangalizi wake. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku visiwani, basi mikoba ya ukili ndiyo mahali pake, na mmoja uwe wa taka mtakazorudi nazo mjini. Hospitali iliyo karibu na Jambiani ni ya Makunduchi, na dereva wa kijijini mwenye gari yake aombwe namba ya simu siku ya kwanza, kabla hajahitajika.

Fedha taslimu zitolewe mjini, tena za noti ndogo, kwa kuwa muuza madafu na konda hawana chenji ya noti ya elfu kumi saa moja asubuhi. Michango ikusanywe na mtu mmoja anayeandika, na ya kurudia itengwe bahashani tangu Ijumaa. Gari za kurudi mjini hupungua sana baada ya alasiri, kwa hiyo Jumapili ya bamvua, ambapo maji mazuri hujaa saa zilezile za gari za mwisho, kikundi kichague mapema kati ya mawili: kukubaliana na dereva tangu Jumamosi awafuate baada ya Magharibi, au kuogelea Jumamosi na kuondoka Jumapili baada ya Adhuhuri.