Namna ya kutengeneza kwa leza sahani ya almasi ya kung'arishia graniti

Mwongozo huu unawahusu mafundi wenye mashine ya leza inayoyeyusha unga wa metali tabaka kwa tabaka, na wanaotaka kuchapa meno ya sahani za kung'arishia graniti, jiwe ambalo hapa Dodoma halihitaji kutafutwa mbali. Wanaotaka biti za kuchorongea visima watafute mashine inayopuliza unga kupitia pua, kwa kuwa biti hizo huhitaji chembe kubwa za almasi ambazo mashine yetu ya kutandaza unga kwa tabaka haiwezi kuzitandaza.

Hatua ya kwanza ni kuchagua metali, nayo itangulie mipangilio yoyote ya leza, kwa maana hapa ndipo kazi nyingi huharibikia. Almasi ni kaboni. Joto likizidi hugeuka grafiti, ile ile inayotiwa kwenye penseli. Penye hewa huanza kuungua kwenye nyuzi 700 hivi za Selsiasi, na ingawa ndani ya gesi isiyo na oksijeni hustahimili joto kubwa zaidi, ikiguswa na chuma, nikeli au kobalti iliyopata moto huharibika mapema. Shaba haina madhara hayo, ila nayo haiishiki almasi: ikiyeyuka hujikusanya pembeni mwa chembe kama maji juu ya jani la mgomba. Dawa yake ni titani, ambayo huungana na kaboni ya juu ya almasi na kujenga utando mwembamba wa kabidi unaoiwezesha shaba kushika. Kwa hiyo mimi hupendelea aloi ya shaba na bati yenye titani karibu asilimia 10 kwa uzito; bati hushusha kiwango cha kuyeyuka, na kila nyuzi inayopungua ni nafuu kwa almasi.

Hatua ya pili, pima almasi. Tumia ya kiwandani (ya mgodi wa Mwadui waachieni masonara) yenye chembe za maikromita 20 hadi 40 kwa tabaka la maikromita 50, la sivyo kisu cha kutandaza kitazikokota. Wauzaji wa vifaa vya almasi huhesabu kwa kipimo ambacho 100 ni karati 4.4 katika sentimita moja ya ujazo, yaani asilimia 25 ya ujazo wote. Anza na asilimia 10, ambayo ni gramu 0.35 kwa kila sentimita moja ya ujazo wa jino.

Hatua ya tatu ni kukausha na kuchanganya. Kausha unga kwenye oveni, kisha uchanganye kwa kuuzungusha taratibu ndani ya chombo cha chuma kilichounganishwa na waya wa ardhi, kwa sababu katika kiangazi chetu kikavu umeme tuli huzifanya chembe zing'ang'anie plastiki. Funga madirisha, maana vumbi la Dodoma lina mchanga mwingi. Changanya pale pale penye mashine: almasi ina densiti ya 3.52 na aloi ni nzito zaidi ya mara mbili, hivyo unga uliotikiswa garini hufika umejitenga. Vaa barakoa, na weka mchanga mkavu karibu, kwani unga wa titani ukiwaka hauzimwi kwa maji.

Hatua ya nne, jaza chumba cha mashine gesi ya agoni hadi oksijeni ishuke chini ya asilimia 0.1, kisha pasha bamba la chini moto wa nyuzi 200 hivi ili kupunguza nyufa. Tabaka za mwanzo zichapwe kwa aloi tupu, almasi isije ikagusa chuma cha bamba. Nishati hupatikana kwa kugawanya nguvu ya leza kwa zao la kasi, nafasi kati ya mistari na unene wa tabaka: wati 200, milimita 800 kwa sekunde, milimita 0.1 na 0.05 hutoa jouli 50 kwa milimita moja ya ujazo. Hesabu hiyo ni mfano tu. Chapa vipande vidogo kwa kasi tofauti, ukibadilisha kasi peke yake, kisha uvilinganishe.

Hatua ya tano ni ukaguzi. Vunja kipande, ukitazame kwa hadubini. Chembe nzima huonekana angavu, ikiwa na kona kali, na metali imeipanda ubavuni. Chembe iliyoungua ina kona za mviringo na ngozi nyeusi. Na mashimo matupu yenye umbo la chembe ni ishara kwamba metali haikushika. Penye kifaa cha Raman, kinachotambua kitu kwa mwanga wa leza kinaoutawanya, almasi hutoa mstari kwenye 1332 kwa sentimita, na grafiti karibu na 1580.

Kabla ya kufunga sahani kwenye grinda, isugue kwa maji juu ya jiwe la kunolea hadi ncha za almasi zijitokeze, kwa sababu isiponolewa hivyo huteleza juu ya graniti na kupata moto bila kula jiwe.